Maji Mekundu ya Mfereji

Mama msikilizaji wa Mbita, leo tuzungumzie maji yanayotoka mekundu mferejini, hasa yanaporudi baada ya kukatika.

Wekundu ule ni kutu. Hutia yunifomu madoa, lakini si hayo yanayonitia hofu. Bomba la chuma likiliwa na kutu hutoboka. Pampu ikizimwa, nguvu ya maji hushuka, na uchafu wa mtaroni huingia kwa matundu hayo. Tena kutu hupunguza klorini iliyotiwa majini. Hapo mtoto huhara, na kipindupindu kikizuka hupita njia hiyo hiyo.

Kwa hivyo acha maji mekundu yatoke kwanza. Yanayofuata yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe hadi yatokote, au tia dawa ya klorini kama ulivyoelekezwa usubiri nusu saa.

Mbona mabomba hayabadilishwi? Tangu 2013 huduma ya maji ni jukumu la kaunti. Kwa Sheria ya Maji ya 2016, miradi mikubwa hujengwa na shirika la serikali kuu, halafu kampuni ya kaunti huachiwa kuitunza. Na kioski kipya hukatiwa utepe. Bomba lililozikwa nani atapigwa picha nalo?

Kila mwaka kaunti huita wananchi kujadili bajeti kabla ya Julai. Mama, nenda, hata na mtoto mgongoni. Usiombe mifereji mipya tu. Uliza ni pesa ngapi zimetengewa mabomba yaliyozeeka, na kazi itaanzia mtaa gani.