Haihitaji udongo, lakini kiu inayo

Anayenunua tillandsia kwa mara ya kwanza huambiwa maneno matamu: haitaki chungu, haitaki udongo, inaishi kwa hewa tu. Akifika nyumbani anaitundika ukutani na kuisahau, na baada ya miezi michache amebaki na majani makavu. Kweli udongo haiutaki, lakini maji inayataka kama mmea mwingine wowote. Inayanywa kwa majani, na hapo ndipo utunzaji wake wote unapoanzia.

Tillandsia ni ndugu wa nanasi. Zina spishi zaidi ya 600, na kwao ni bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Huota juu ya matawi, kwenye miamba, na hata kwenye nyaya za umeme. Hazimnyonyi mwenyeji wao, kama ilivyo kwa okidi zinazoota juu ya miti huku kwetu. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushikilia.

Lichukue jani la spishi ya kijivu ulitazame kwa karibu. Utaona kama limepakwa unga. Hayo ni magamba madogo mno yaliyolifunika jani zima. Lidondoshee tone moja la maji: pale tone lilipotua, weupe unatoweka na kijani kinajitokeza papo hapo. Magamba yamelowa na yanayapitisha maji ndani. Yakikauka huzuia maji yasitoke, na weupe wake hurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Basi usiyafute ukidhani ni vumbi.

Jambo la pili ni saa ya kumwagilia. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya ukaa. Tillandsia za sehemu kavu huvifungua usiku, wakati jua halipo la kukausha maji yake. Hewa hiyo huihifadhi ndani kwa namna ya asidi, kisha huitumia kutengeneza chakula mchana unaofuata. Nanasi nalo hufanya vivyo hivyo. Ukiulowesha mmea jioni, utando wa maji unaziba vitundu wakati ule ule unapotaka kuvuta hewa, na unyevu unaolala kitovuni huleta kuoza.

Kwa hiyo mwagilia asubuhi. Uzamishe kwenye bakuli la maji dakika 20 hadi 30, mara moja kwa wiki. Penye hewa kavu, kama Dodoma wakati wa kiangazi, iwe mara mbili. Kisha uukung'ute, uugeuze kichwa chini, uuache penye upepo hadi ukauke. Usikae umelowa kwa muda unaozidi saa nne. Mmea wenye kiu hujikunja majani na ncha zake hukauka, lakini ukilowekwa saa kadhaa mara nyingi hupona. Uliooza kitovuni, ukawa mweusi chini na majani ya kati yanachomoka mkononi, haurudi tena.

Maji bora ni ya mvua. Ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo visima vingi vya Pwani, yaepuke. Uweke karibu na dirisha lenye mwanga, si kwenye jua kali la mchana. Usiufunge kwa waya wa shaba, kwani shaba ni sumu kwake. Tumia uzi wa mshipi.

Sasa afya ya wenye nyumba. Bakuli la kulowekea limwagwe siku hiyo hiyo. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga kwenye vyombo vya maji vya majumbani, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya homa hiyo, mwaka 2014 na tena 2019. Wala usiinunue kwa kuambiwa inasafisha hewa ya chumbani. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia tafiti za mimea ya ndani kwa jumla mwaka 2019, wakaona kwamba ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa jengoni. Dirisha lililofunguliwa linatosha.

Tillandsia hukua polepole, na kila shina huchanua mara moja tu maishani, kisha hufa taratibu huku likiacha machipukizi pembeni. Ukuaji huo wa polepole ndio unaowashawishi watu kuzichuma porini badala ya kuzikuza. Tillandsia xerographica ya Guatemala na nchi jirani, kwa mfano, imechumwa kiasi kwamba biashara yake ya kimataifa sasa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kabla hujalipa, muulize muuzaji mmea umekuzwa kwenye kitalu gani; akishindwa kukujibu, usinunue.