Programu Haijafa, Imenyimwa Kitu

Kila Juni inapoelekea ukingoni, maduka ya saiba ya Kisumu hufurika. Kuanzia Barabara ya Oginga Odinga hadi Kondele, watu hupanga foleni na PIN zao za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, mkononi, maana makataa ya ritani za kodi ni Juni 30. Anayetegemea mshahara pekee mara nyingi hujaza moja kwa moja kwenye tovuti ya iTax na kwenda zake. Wa duka, wa matatu na wa nyumba za kupangisha ndio hukutana na faili ya Excel: unaipakua, unaijaza, halafu unabofya kitufe cha kuihakiki ili upate faili ya kupeleka KRA. Hapo ndipo kilio huanzia. Unabofya, kimya. Unabofya tena, kimya.

"Fundi, jana kwa jirani si ilikubali?"

Ilikubali, kweli. Faili ile huendeshwa na makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya Excel yenyewe. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, kwa sababu wahalifu walikuwa wamezigeuza njia yao ya kupenyeza virusi. Siku hizi Windows huipiga faili iliyopakuliwa chapa isiyoonekana, na Excel mpya ikiiona chapa hiyo hukataa kuendesha makro. Sasa kuna jambo ambalo limewagombanisha mafundi wengi: chapa hiyo haidumu kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32. Faili ikipitia flashi ya namna hiyo hufika safi, ikipakuliwa moja kwa moja hubaki na chapa yake. Kompyuta mbili pacha, meza moja, faili ileile, na majibu mawili.

Dawa yake haichukui hata dakika. Funga Excel, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, weka alama kwenye Unblock pale chini, kisha ifungue upya. Fundi akitaka kukuzimia ulinzi wote wa makro "ili isikusumbue tena", mkatalie. Atakuwa ameifungulia faili ya KRA na kila faili ya tapeli itakayokuja kesho.

Ritani inawagusa wengi, lakini si peke yake. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, anataka kompyuta yenye kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel anataka, kwa jumla, kichakataji cha kizazi cha nane kwenda juu. Katika mji ambao maduka, shule na ofisi nyingi hununua kompyuta za mtumba, hilo si sharti dogo. Kuna waliojikakamua wakanunua mashine nyingine, na kuna waliomwambia fundi ailazimishe iingie hivyohivyo. Kwa vyovyote vile, programu za zamani zikaanza kugoma: ya stoo, ya alama za wanafunzi, ya akiba za chama.

Mgomo unaotisha kuliko yote ni wa daftari tupu. Programu inafunguka vizuri, lakini wateja wote na madeni yao hawapo. Mama mwenye duka la jumla anashika kichwa. Chanzo chake ni cha tangu Windows Vista, iliyotoka 2007. Kabla ya hapo programu nyingi zilihifadhi hesabu ndani ya folda ya Program Files, zilimowekwa zenyewe. Vista ikaifunga folda hiyo kwa mtumiaji wa kawaida, lakini ili programu za kale zisianguke, ikawa inazichukua hesabu zao kimyakimya na kuziweka kwenye folda ya VirtualStore, ndani ya AppData ya mtumiaji husika, ambayo nayo imefichwa. Programu haikujua, wala mwenye duka hakujua. Akaunti mpya ikifunguliwa, programu hukuta daftari jeupe. Na fundi aliyenakili folda ya programu peke yake kabla ya kufomati diski amebeba ganda na kuacha kiini. Huyo simwonei huruma. Kufomati ni jambo la mwisho, si la kwanza.

Kuna mgomo usio na suluhu ya kubofya. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, zile za enzi za DOS na Windows 3.1, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Lakini usikate tamaa mapema: programu nyingi za miaka ya tisini zilikuwa za biti 32, ila visakinishi vyake ndivyo vya biti 16. Kinachogoma ni mlango tu. Zile za DOS kabisa huweza kuamshwa ndani ya DOSBox, ambayo ni ya bure. Nyingine huwekewa Windows ya zamani ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine, bila kuunganishwa na intaneti.

Kwa programu ya kawaida, jaribu kwanza kichupo cha Compatibility kwenye Properties na uchague Windows iliyoizoea. Ujumbe wa kosa uandike neno kwa neno au uupige picha kwa simu. "Imekataa tu" haimsaidii fundi yeyote, awe Kisumu au Nairobi.

Aliyebaki na Windows 10 naye hajafungiwa nje papo hapo: Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani mpango wa kupokea masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Mwenye kuhamia Windows 11 anakili daftari lake kwanza, pamoja na VirtualStore, kisha aijaribu kila programu siku ileile ya kwanza. Aliyepandisha bila kufuta diski ana kitufe cha kurudi Windows yake ya awali, na kwa kawaida kitufe hicho huondoka baada ya siku 10.