Tembe la Kwihara: Nyumba ya Nani?

Kilomita chache kusini magharibi mwa mji wa Tabora, katika kijiji cha Kwihara, ipo nyumba ya udongo ambayo siku hizi ni makumbusho. Wengi huiita nyumba ya Livingstone. Hatuna ugomvi na marehemu huyo, ila alikuwa mgeni tu pale. Aliingia Februari 1872 pamoja na Stanley, akaachwa akingoja wapagazi kutoka pwani, akaondoka Agosti.

Aliyemkaribisha Stanley hapo Juni 1871 ni Said bin Salim, liwali wa Sultani wa Unguja katika Unyanyembe. Miaka kumi na minne kabla yake, huyohuyo ndiye aliyeongoza msafara wa Burton na Speke hadi Kaze, kama Tabora ilivyoitwa wakati ule.

Tembe lenyewe ni ushahidi wa ujirani. Kuta nene, paa bapa la udongo uliolazwa juu ya boriti, na vyumba vilivyozunguka ua, huo ni ujenzi wa bara, wa Wanyamwezi na Wagogo. Baraza na mlango wa nakshi vimekuja na watu wa pwani. Barazani mgeni alipokelewa na mashauri yakasikilizwa. Ndani ya ua ikabaki sitara ya ahali.

Ukuta huo haukuwa wa ubaridi peke yake. Agosti 1871 Mtemi Mirambo, baada ya kukosana na wafanyabiashara juu ya ushuru na njia, aliiteketeza sehemu ya Tabora, na Khamis bin Abdullah akauawa. Kwihara kuta zikatobolewa matundu ya bunduki. Mirambo hakufika.

Lipo jambo zito zaidi. Misafara iliyopumzika hapa ilibeba pembe za ndovu, na pia ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Wenye misafara hiyo walisali, wakafunga Ramadhani, na walijua kwamba kumwacha mtumwa huru ni ibada. Tusiwafiche watoto wetu habari hiyo kwa kuona haya, wala tusiwaachie wengine waisimulie kana kwamba Uislamu wa Tabora ulikuwa mnyororo tu.

Tangu 2006 njia hii, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, imo katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Nasi tungependa jina la Said bin Salim litajwe kwa wageni wanaofika Kwihara, na wapagazi wa Kinyamwezi nao watajwe kabla ya Livingstone.