FRIJI YA MAKAA HAIPOZI? ANGALIA HAYA KWANZA

Kikundi kimoja cha akina mama huko Turkana kilijenga friji ya makaa kwa pesa za mchango wao. Mbao zilinunuliwa, waya wa kuku ukanunuliwa, magunia ya makaa yakaletwa, fundi akalipwa. Mwezi wa kwanza nyanya zilikaa vizuri na kila mtu akafurahi. Tulipopita tena baada ya miezi minane tulikuta ndani kuna jembe, beseni mbili na kuku aliyeatamia mayai.

"Hii kitu iliacha kupoza," mama mweka hazina alituambia. "Tukaona ni ya uongo."

Haikuwa ya uongo. Ilikuwa imeharibika mahali patatu tu, na tulirekebisha zote kwa siku moja bila kununua kitu isipokuwa nusu gunia ya makaa. Mboga nyingi za Lodwar hutoka mbali, Kitale huko, zinakuja kwa lori katika joto ambalo mara nyingi hufika digrii 35 na zaidi. Sukuma wiki ikifika imenyauka, faida imeisha njiani. Kwa hivyo mradi kama huu ukifa, ni pesa za watoto zinazopotea. Kujenga friji ya makaa wengi wanajua siku hizi. Kuitunza ndiyo kazi ambayo hatufundishani.

Kwanza tujue inapoza kwa njia gani

Ukiwa umelowa jasho na upepo ukakupiga, unasikia baridi, hata kama upepo wenyewe ni wa moto. Ni kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto. Tena si joto kidogo. Kila mpishi anajua kwamba sufuria ya maji huchemka haraka, lakini jaribu kuiacha mpaka maji yote yaishe, uone kuni utakazomaliza! Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huchukua joto karibu mara 7 ya lile la kuyafanya yachemke tu. Makaa yana vitundu vidogo vidogo, hivyo hushika maji na kuyaachilia polepole. Upepo ukipita katikati ya makaa yaliyolowa, maji yanakauka, na joto wanalochukua linatoka kwa ile hewa inayoingia ndani ya kabati.

Ile mashine ya kupoza hewa unayoiona katika maofisi ya mjini inataka stima na gesi. Yetu inataka maji, upepo, na hewa kavu. Ukikosa kimoja, hata viwili vilivyobaki havisaidii. Ndiyo sababu friji hii inafaa sana Lodwar, Garissa na Wajir, lakini Mombasa haifanyi kitu kikubwa. Joto Mombasa lipo, lakini hewa yake tayari imejaa unyevu wa bahari, na maji hayana pa kukaukia.

Pima kabla ya kumlaumu fundi

Tafuta vipima joto viwili vya kawaida, vile vya ukutani. (Si kile cha zahanati cha kupima homa, hicho hakiwezi kazi hii.) Kimoja kiache kikavu. Kingine kifunge kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji pale penye kichwa cha kipimo. Viweke vyote kivulini kisha upepee kwa kadibodi dakika tano. Tuseme kikavu kinasoma 36 na kile chenye kitambaa kinasoma 23. Tofauti ni digrii 13. Friji iliyotunzwa vizuri hupata kama robo tatu ya tofauti hiyo, yaani ndani itakuwa karibu 26. Usitarajie zaidi, hata ulete fundi kutoka Nairobi. Lakini kama ndani unasoma 32 wakati nje ni 36, hapo kuna kasoro, tuitafute.

Makaa hushuka

Hii ndiyo kasoro tunayoikuta mara nyingi kuliko zote, na haionekani kwa macho mpaka upande kiti uangalie juu. Makaa yanapokaa kati ya zile nyavu mbili, hulegea, huvunjika, na kushuka. Baada ya miezi michache kunabaki pengo la upana wa kiganja chini ya paa, pande zote nne. Upepo haupendi kusumbuka. Ukiona njia wazi juu, kwa nini ujipenyeze kwenye makaa yaliyolowa? Unapita pale juu ukiwa moto vile vile. Kile kikundi cha Turkana pengo lao lilitosha kuingiza mkono wote.

Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi mtu apande, agongegonge waya taratibu kwa kijiti ili makaa yashuke vizuri, halafu ajaze juu. Tumia vipande vya ukubwa wa yai hivi. Vumbi la makaa usiweke, maana linaziba na kuwa kama matope, upepo haupiti. Na mlango usisahauliwe! Tumeona friji yenye kuta nzuri za makaa lakini mlango wake ni bati tupu lenye nyufa. Mlango nao uwe na makaa, na ufunge vizuri.

Chumvi ya maji ya kisima

Visima vingi huku kwetu vina maji ya chumvi. Maji yakikauka, chumvi haiendi nayo, inabaki kwenye makaa. Ukiona makaa yamekuwa na weupe kama yamepakwa chokaa, jua vile vitundu vimezibika. Unamwaga maji yanateleza nje, hayaingii. Vile vile matundu ya bomba la kudondoshea maji huziba, upande mmoja unalowa na mwingine unakaa mkavu.

Dawa yake ni mara moja kwa wiki kumwaga maji mengi kwa mkupuo, mpaka yatoke chini, yaoshe chumvi. Kama mvua imenyesha na mmekinga maji ya bati, hayo ndiyo mazuri zaidi kwa kuoshea. Matundu ya bomba yazibuliwe kwa msumari mwembamba siku hiyo hiyo. Makaa yaliyoota weupe sana toa, weka mapya. Usingoje yote yaharibike, badilisha ukuta mmoja mmoja ili gharama isiwe mzigo. Maji ya kufulia yenye sabuni msitumie kamwe.

Kivuli ndiyo, lakini na upepo

Kosa la tatu la wale akina mama lilikuwa jipya. Waliona jua linapiga friji, wakajenga ua wa mabati kuizunguka. Kivuli kikapatikana, upepo ukafungiwa nje. Friji ikawa imesimama kwenye hewa iliyotulia, yenye unyevu wake wenyewe. Tuliondoa bati la upande ule upepo unakotoka na la upande wa pili, tukaacha paa lililotokeza mbele. Kwa jioni moja tu tofauti ilionekana.

Maji yenyewe je?

Hapa tuseme ukweli. Kabati la upana wa mita moja kila upande linaweza kunywa mtungi mmoja hadi miwili ya lita 20 kwa siku, hasa siku za upepo mkali. Kama maji mnayabeba kichwani kilomita tano, kaeni chini mpige hesabu. Pengine chungu ndani ya chungu kinawatosha. Chukueni chungu kikubwa na kidogo, katikati jazeni mchanga uliolowa, juu funikeni kitambaa kibichi. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alianza kuvisambaza kwa wakulima wa kwao mwaka 1995, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Chungu kinakunywa maji kidogo zaidi. Lakini kisipakwe rangi nje, kwani rangi huzuia maji kutoka.

Nini kiingie, nini kisiingie

Sukuma wiki, mchicha, karoti, nyanya, hizo ni zake. Maembe na ndizi zinazoiva ziwe mbali na mboga za majani, kwa sababu matunda yakiiva hutoa hewa inayoyafanya majani kuwa manjano upesi. Vitunguu na viazi visiingie, unyevu unaviozesha. Nyama hapana. Maziwa ya jioni yanaweza kulala humo mpaka asubuhi, lakini digrii 25 haziui vijidudu, zinawachelewesha tu, kwa hivyo yachemshwe.

Chanjo hazikai humo hata siku moja, zinataka digrii 2 hadi 8. Dawa ya insulini ya wagonjwa wa sukari ni habari nyingine kidogo. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliipima kwa joto la kati ya digrii 25 na 37, kama lile lililopimwa katika nyumba za kambi ya Dagahaley huko Dadaab, na mwaka 2021 walitangaza kwamba ilidumisha nguvu yake kwa wiki nne. Hata hivyo muulize muuguzi wako kwanza kuhusu aina unayotumia, na chupa uiweke ndani ya kopo lisiloingia maji.

Wageni wasioalikwa

Mahali pabichi katika nchi kavu, kila kiumbe anapataka. Miguu ya kabati isimame ndani ya makopo ya maji yenye oili chafu kidogo juu. Siafu hawatapanda, na mbu hawatazaa humo. Pipa la maji lifunikwe kwa sababu hiyo hiyo ya mbu. Na nyoka nao hupenda baridi, basi usiingize mkono gizani kabla ya kumulika tochi.

Jambo la mwisho ni zamu. Kile kikundi chetu hakikuwa na zamu ya kumwagilia, kila mama alidhani mwingine amefanya. Sasa wameandika majina ukutani kwa mkaa: asubuhi mmoja, saa sita mmoja, na jioni yule mwenye ufunguo. Kuku naye alihamishwa na mayai yake, akatotoa vifaranga saba kule jikoni.