Je, Wajua? Kulala Mchana Nako ni Mazoezi

Je, wajua kwamba usingizi unaokubana saa nane mchana pale Ilula, wilayani Kilolo, hauletwi na ugali peke yake? Saa ya mwili hupunguza uchangamfu kati ya saa saba na saa kumi, hata kwa aliyeshinda njaa. Ugali unakoleza tu. Msimsingizie mama ntilie.

Je, wajua kwamba Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Oktoba 12, 2019, alikuwa na kawaida ya kulala mchana? Kambini Kaptagat, Kenya, ratiba ilikuwa kukimbia asubuhi, kula, kulala, kisha kukimbia tena jioni. Hakuna aliyemwita mvivu. Kwetu, kijana akitoka kupalilia vitunguu akajinyoosha kidogo, nyumba nzima inauliza anaumwa nini.

Je, wajua kwamba mwaka 2007 watafiti wa Liverpool, Uingereza, waliwapima wanaume 10 waliolala kwa muda wa saa 4 tu usiku? Siku waliyopewa nusu saa ya kulala mchana, walikimbia mita 20 kwa wastani wa sekunde 3.88. Siku waliyonyimwa, 3.97. Unacheka sehemu tisa kati ya mia za sekunde? Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo, Septemba 15, 2025, kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros sehemu tatu tu kati ya mia, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Sisemi Simbu alilala mchana ule. Nasema medali huamuliwa na vijisehemu kama hivyo.

Je, wajua kwamba ukipitiliza nusu saa unaweza kuzama kwenye usingizi mzito, ukaamka na mawenge? Refa anapuliza filimbi, miguu bado iko kitandani.

Je, wajua kwamba kahawa huchukua kama nusu saa kukolea mwilini? Ndiyo maana wapo wanaokunywa kikombe, hata cha kahawa ya Mbozi, kisha wanalala dakika 20. Wanaamka kahawa inaanza kazi.

Je, wajua kwamba hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wa kutembea mwendo mrefu kila siku, hawalali mchana kila siku? Utafiti wa 2015, uliowapima pamoja na jamii za Namibia na Bolivia, ulikuta jambo hilo ni la nadra. Kwa hiyo mwenye usiku wa kutosha asijilazimishe. Faida kubwa humwendea aliyekesha, kwa mfano kipa aliyepakia nyanya kwenye lori hadi usiku wa manane.

Kocha wa ndondo Ilula, mechi ikiwa saa kumi, walaze vijana saa saba, waamshe saa saba na nusu, ndipo wapige jaramba.