Shahada ya mifumo kwa mtu mzima: hesabu saa kabla ya ada

“Mfumo haufunguki, rudi kesho.” Aliyewahi kufuata huduma katika ofisi ya halmashauri, hospitali au benki hapa Tanzania anaijua kauli hiyo. Anayeitamka upande wa pili wa dirisha mara nyingi ni mtu mwenye miaka kumi au zaidi kazini. Alianza na vitabu vya stakabadhi, akahamia kwenye mashine za EFD, kisha kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Kazi anaijua hatua kwa hatua. Asichokijua ni kinachotendeka ndani ya ule mfumo, na kila unapogoma hana budi kumsubiri kijana wa TEHAMA.

Mtu huyu sasa anataka kusoma shahada ya mifumo ya taarifa, na vyuo vinamtafuta. Ana miaka 35, 38 au 45, familia inamtegemea na mwajiri anamtaka kazini saa moja na nusu asubuhi. Soko la masomo limejaa majina yanayofanana, na akikosea kuchagua atalipa kwa miaka.

Historia inasema mwanafunzi wa namna hii si mgeni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana wa kidato cha sita apite kwanza kazini, kisha aombe chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mwajiri. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini hoja yake haikufa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi ili wasome.

Leo yapo makundi matatu ya vyuo vya kuchagua. La kwanza ni Chuo Kikuu Huria chenyewe, ambacho vituo vyake vya mikoa humwezesha mfanyakazi wa Songea au Bukoba kusoma bila kuhama. La pili ni vyuo vya biashara na fedha vya mijini, vikiwamo Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, vilivyozoea kufundisha hata jioni. La tatu ni vyuo vikuu vya kutwa kama Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako ndaki ya TEHAMA ina shahada inayoitwa waziwazi Mifumo ya Taarifa. Kundi hili lina maabara na wahadhiri wengi, ila linamfaa mwenye ruhusa ya masomo.

Jina la shahada lisikupumbaze. Sayansi ya kompyuta huegemea hisabati na uandishi wa programu. Teknolojia ya habari huegemea mitandao, seva na vifaa. Mifumo ya taarifa hukaa katikati ya kompyuta na kazi yenyewe: nani anaingiza taarifa, nani anaidhinisha, ripoti inamfikia nani. Fungua orodha ya masomo. Ukikuta uchambuzi wa mifumo, hifadhidata, usimamizi wa miradi, uhasibu na usalama wa taarifa, uko mahali pake. Hapo ndipo miaka ya dirishani inapogeuka mtaji, kwa sababu kijana wa miaka 21 atafundishwa mchakato wa malipo ambao wewe umeuishi.

Mlango wa kuingilia ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. Kwa miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, aliyemaliza kidato cha sita anahitaji kwa kawaida masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0. Mwenye stashahada anahitaji GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria nayo inafungua njia, na upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Ila stashahada kwa kawaida ni tiketi ya kuingilia, haipunguzi miaka. Anayekuahidi shahada ya mwaka mmoja kwa kuwa una uzoefu, mkimbie. Na shahada ya mtandaoni kutoka nje ya nchi, iulizie TCU kabla ya kulipa, kwa sababu bila kutambuliwa na tume hiyo haitakusaidia kwa mwajiri wa umma.

Kwenye fedha, usitegemee Bodi ya Mikopo. Masharti yake ya miaka ya karibuni yanamtaka mwombaji awe hajazidi miaka 35 na asiwe na ajira yenye mshahara. Kwa mfanyakazi hubaki mwajiri, SACCOS au mfuko wake mwenyewe. Uliza gharama ya shahada nzima, siyo ada ya muhula: usajili, mitihani, nauli, bando, kompyuta na ada ya kurudia somo ukipata sapu.

Lakini gharama kubwa haimo kwenye hati ya malipo. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti huhesabiwa saa kumi za kusoma, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 3,600. Anayepata saa 15 kwa wiki, katika wiki 40 za mwaka, anafikisha saa 600. Atahitaji miaka sita. Akipata saa 20 kwa wiki 45, atamaliza kwa miaka minne. Chuo kinachomtaka amalize kwa mitatu kinamdai saa 1,200 kila mwaka, na hizo lazima zitoke mahali: usingizini, kwa watoto au kazini.

Na baada ya joho? Mtumishi wa umma asidhani cheti kitambadilishia kada chenyewe. Nafasi lazima iwe katika ikama na bajeti, kwa hiyo afisa utumishi aonwe kabla ya kujisajili, siyo baada ya mahafali. Katika sekta binafsi, benki, kampuni za simu na hospitali zinaendeshwa kwa mifumo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezidisha haja ya watu wanaojua taarifa za wateja zinapita wapi na zinaishia kwa nani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi, chukua karatasi uandike wiki yako, Jumatatu hadi Jumapili, saa kwa saa. Ukizipata saa 15 bila kujidanganya, tafuta chuo kinachokubali mwendo huo, hata kama jina lake si kubwa. Usipozipata, anza na cheti kifupi cha hifadhidata au usalama wa taarifa. Shahada itakusubiri, ada uliyokwisha kulipa hairudi.