Farasi bila chuma mdomoni: mkono ndio unapaswa kubadilika

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama na watoto wa makambi, kwetu Katanga watu wengi wanajua farasi kwa picha tu. Mbung'o, ile inzi inaleta ugonjwa wa usingizi, inaua farasi pia, na ndio maana hatukuzoea kumuona kazini. Lakini wachimbaji wa Ulaya walimjua vizuri. Mwaka 1913, katika migodi ya makaa ya Uingereza, kulikuwa farasi karibu 70.000 chini ya udongo, wakivuta mabehewa. Sheria ya 1911 ilikataza kushusha farasi mwenye hajatimiza miaka 4, na ilikataza kutumikisha farasi kipofu. Kule gizani vijana wengi walimwongoza kwa sauti: simama, geuka, endelea. Alisikia.

Leo wapanda farasi wengi wanajiuliza: kama farasi anasikia, juu ya nini kumutia chuma mdomoni?

Ile chuma inaitwa lijamu, kwa Kifaransa «mors». Inakaa katikati ya meno ya mbele na magego, pale hapana meno. Ufizi wa pale ni mwembamba, na chini yake kuko mfupa. Ulimi nao unafinywa. Mkono ukivuta kwa nguvu, farasi anafungua mdomo, anatupa kichwa juu, ao anakimbia maumivu. Kisha mwenye kumpanda anasema: «Farasi huyu ni mkaidi!»

Hatamu bila lijamu inafanya kazi kwa pua. Kuko ile yenye kamba mbili pembeni ya pua: ukivuta kuume, kichwa kinageuka kuume. Kuko ile ambayo kamba zake zinapishana chini ya taya. Na kuko ile yenye vyuma virefu pembeni. Mujihazari na hii ya mwisho: ile vyuma inaongeza nguvu ya mkono, na inaweza kuumiza pua sawa vile lijamu inaumiza mdomo.

Kubadilisha haiko kazi ya siku moja. Kwanza, mganga wa nyama aangalie meno na mdomo, juu kidonda cha zamani kinaweza kuwa ndicho chanzo cha matata. Pili, ukanda wa pua ukae juu ya mfupa, usishuke kwenye sehemu laini: farasi anapumua kwa pua tu, hapumui kwa mdomo kama sisi. Tatu, mtu aanze akiwa chini, ndani ya uwanja wenye uzio: kusimama, kugeuka, kurudi nyuma, na sauti pamoja na mkono mwepesi. Farasi akiitika, mara moja mkono ulegee. Kule kulegea ndio mushahara wake. Nyuma ya pale mtu anapanda na kwenda polepole. Mbio na barabara inakuja mwisho kabisa.

Wengine wanabisha: bila chuma, nani atamsimamisha? Lakini farasi mwenye kushtuka anakimbia hata na lijamu mdomoni, na maumivu yanamuongezea woga. Katika mashindano ya dunia ya kuruka vizuizi, hatamu bila lijamu inaruhusiwa. Katika dresaji bado wanalazimisha chuma. Mabishano hayajaisha.

Jambo moja ni wazi. Mtu mwenye mkono mzito akiondoa lijamu na kuweka kamba, bado ataumiza. Chombo kipya hakitoshi. Kwetu kazini, wakubwa wanaweza kubadilisha kanuni kwenye karatasi, lakini kama kapita anaendelea kutisha watu, mchimbaji haoni tofauti yoyote. Kwa hiyo tukidai kanuni mpya, tudai pia mkono mwepesi: mtu aelezwe kazi, asikilizwe, na akifanya vizuri, apumzishwe.